Hifadhidata Inagoma Kuundwa? Anza na database.yml

Umeandika rails db:create, na skrini imejaa maandishi ya hitilafu. Usikimbilie kusakinisha MySQL upya. Mara nyingi kosa limo kwenye faili la mipangilio, config/database.yml.

1. Soma namba ya hitilafu. 1045 ni jina la mtumiaji au nywila kukataliwa. 1044 maana yake umeingia, ila huna ruhusa juu ya hifadhidata hiyo. 2002 ni kwamba seva haikufikiwa kabisa, kwa hiyo kubadilisha nywila hapo ni kupoteza muda.

2. Kagua nafasi mwanzoni mwa mistari. YAML haikubali tabo. Tumia nafasi tupu, na uache moja baada ya nukta pacha. Mstari wa password ukisogea hadi ukingoni, hauhesabiwi tena kuwa sehemu ya development.

3. Funga nywila kwa alama za nukuu. Hapa ndipo watu huhangaika mchana kutwa, maana faili linaonekana safi kabisa. Ukiandika password: #Mwezi22, kila kitu kuanzia alama ya # ni maelezo tu kwa YAML, na nywila inabaki tupu. Dalili ipo mwishoni mwa ujumbe wa 1045: using password: NO. Ukiona NO ilhali nywila umeiandika, basi haikusomwa. Nywila za tarakimu nazo zina mtego wake: 012345 isiyo na nukuu husomwa kama namba ya msingi wa nane, ikageuka 5349. Andika "#Mwezi22" na "012345", yaishe.

4. Ukipata 2002, tazama host. Kwenye Linux, MySQL ikiambiwa localhost hupitia faili la soketi, si poti 3306. Kama ujumbe unataja /tmp/mysql.sock na soketi yako iko /var/run/mysqld/mysqld.sock, rekebisha mstari wa socket, au weka host: 127.0.0.1.

5. Unahariri faili na hakuna kinachobadilika? Andika echo $DATABASE_URL. Kigezo hicho cha mazingira kikiwa na thamani, Rails hukipa kipaumbele kuliko faili lako. Kwenye DATABASE_URL, alama ya @ ndani ya nywila huandikwa %40.

6. Kwa 1044, mpe mtumiaji ruhusa kwa GRANT. Tafadhali usimweke root kwenye production ili mambo yaende haraka. Mtu akiiba nywila ya root, ameshika seva nzima ya hifadhidata, pamoja na data za miradi mingine iliyomo.