Taazia Iliyo Taazia: Yaliyofanyika Nyumbani kwa Jaafar

Ndugu zetu, darsa letu la leo lahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulifikia, ama akiwa mwenye kufariji, ama akiwa mfiwa. Mauti huingia nyumba, habari hutangaa mjini, na kabla maiti hajatolewa majamvi yamekwisha tandikwa na watu wamejaa barazani. Twamshukuru Mola kwamba umoja huu ungalipo. Lakini natuingie ndani tutazame. Mjane, ambaye machozi yake hayajakauka, aitwa pembeni aulizwe mchele uletwe kiasi gani na mbuzi wanunuliwe kwa nani. Mwanawe mkubwa atumwa dukani kukopa. Wageni waingia, watoa mkono wa haraka, wasema neno la mazoea, kisha waketi kungoja sinia. Hata jioni ikifika, watu chungu nzima wamepita mbele ya mama yule, na huenda asipatikane mmoja aliyemkumbatia akamwacha alie begani pake.

Twauliza: hii ndiyo taazia? Neno lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni kumliwaza mtu apate nguvu ya kusubiri. Ni nani aliyeliwazwa hapa?

Natutazame alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na binamu yake, Jaafar bin Abi Talib. Jaafar alikaa Uhabeshi miaka mingi pamoja na Waislamu waliohamia huko kukimbia mateso ya Makka. Mwaka wa 7 wa Hijra (628) alirejea, akamkuta Mtume Khaibar, mji ukiwa ndio kwanza umefunguliwa. Imepokewa kwamba Mtume alimlaki, akamkumbatia na kumbusu baina ya macho yake, na akasema kwamba hajui lipi limfurahishalo zaidi, kufunguliwa kwa Khaibar au kuja kwa Jaafar. Furaha hiyo haikudumu. Katika Mfungo Nane, yaani Jumada ya Kwanza, ya mwaka wa 8 (629), jeshi la Waislamu lilipigana Muuta, katika nchi ambayo leo yaitwa Jordan. Zaid bin Haritha aliishika bendera, akauawa. Akaishika Jaafar, akauawa. Akaishika Abdallah bin Rawaha, naye akauawa.

Mtume hakutuma mjumbe kwa wafiwa. Alikwenda mwenyewe hadi kwa Asmaa bint Umais, mkewe Jaafar. Asmaa, naye hajui hili wala lile, alikuwa amekwisha kanda unga wake, na wanawe amewaosha na kuwapaka mafuta. Mtume akataka aletewe watoto wale. Akawavuta kwake, akawanusa, na macho yake yakatiririka machozi. Hapo ndipo Asmaa alipouliza kama amepata habari yoyote ya Jaafar, naye akamwambia kwamba ameuawa. Mama akapiga ukelele, wanawake wakamkusanyikia. Mtume aliporudi kwa ahali zake akaamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha.

Yatupasa kuutazama sana mpango wa mambo haya. Kabla ya neno lolote la msiba, watoto walikuwa wamekwisha kumbatiwa. Mawaidha hayakutangulia, wala hotuba ya subira. Na mwenye kulia wa kwanza alikuwa ni yule aliyekuja kufariji.

Wako miongoni mwetu wanaume wanaoona haya kufanya hivi. Mtu aweza kumpenda mwanawe hata akamfanyia kazi ya kubeba mizigo bandarini mchana kutwa, lakini kumpakata aona kwampunguzia heshima. Fikira hii si ngeni. Al-Aqraa bin Habis wa kabila la Tamim alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Jawabu hilo latosha, nasi hatuna la kuongeza.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2006 James Coan na wenzake huko Marekani walitangaza uchunguzi waliowafanyia wanawake 16 walioolewa. Kila mmoja alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaambiwa kwamba huenda akapigwa na umeme mdogo kifundoni mwa mguu. Mara nyingine aliachwa peke yake, mara nyingine alishika mkono wa mtu asiyemjua, na mara nyingine mkono wa mumewe. Aliposhika mkono, alama za hofu katika ubongo zilipungua, na zilipungua zaidi ulipokuwa mkono wa mume, hasa kwa wale ambao ndoa zao zilikuwa njema. Umeme ulikuwa ni ule ule. Kilichobadilika ni kuwa na mtu wa karibu. (Sisi Waislamu tuna mipaka yetu ya nani amshike nani, nasi hatusemi ivunjwe. Mjane ana mama, ana dada, ana shoga na majirani wa kike. Yatima ana ami na mjomba. Hawa wasijifiche nyuma ya mipaka hiyo.)

Ama chakula, hapa lazima tuseme wazi. Sisi wa pwani ni watu wa madhehebu ya Shafii, na Imamu Shafii mwenyewe amependekeza katika kitabu chake Al-Umm kwamba jirani na jamaa wawapikie wafiwa chakula cha kuwashibisha mchana na usiku wa siku ya msiba. Sisi tumeligeuza jambo kichwa chini miguu juu: mfiwa ndiye mwenye kulisha mji. Tumepata kuambiwa kwamba asiyepika ataaibika. Sawa, lakini aibu hiyo imetungwa na nani ila na sisi tuliao? Nyumba saba za mtaa zikipatana, kila moja ichukue siku yake, mjane hatawasha moto juma zima, wala hapana atakayekopa. Na yule mwanamke aletaye chungu cha uji asikiweke mlangoni akaondoka; aingie, aketi, amshike mwenzake mkono, hata kama hana la kusema.

Jambo moja zaidi, la watoto. Yako mazoea ya kuwaondosha wadogo kuwapeleka nyumba nyingine na kuwaambia kwamba baba yao amesafiri. Nia ni njema, lakini mtoto hubaki akingoja safari isiyo na marejeo, na siku ajuapo huwa hana wa kumpakata, kwa kuwa matanga yamekwisha ondoka. Nyumbani kwa Jaafar haikuwa hivyo. Baada ya siku tatu Mtume alirudi, akataka aletewe watoto tena, akamwita kinyozi awanyoe, na mama yao alipotaja uyatima wao akamwambia asiwahofie ufukara, naye ndiye walii wao.

Haya twayajua kwa kuwa mmoja wa watoto wale, Abdallah bin Jaafar, aliyahadithia alipokuwa mtu mzima. Amehadithia pia kwamba Mtume alipokuwa akirudi safarini, watoto wa jamaa zake walipelekwa kumlaki. Siku moja yeye Abdallah alitangulizwa, Mtume akampakia mbele yake juu ya mnyama. Kisha akaletwa mmoja wa wana wa Fatima, akampakia nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja.