Utafiti wa Fasihi ya Kiingereza: Usome Bila Kuwa Kasuku

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, unatarajiwa uweze:
(a) kutofautisha mwongozo, uhakiki na utafiti;
(b) kueleza, kwa visa viwili vya kweli, jinsi watafiti wanavyofikia matokeo yao;
(c) kuandika aya ya insha yenye dai, ushahidi na ufafanuzi;
(d) kukusanya na kuchambua kipera kimoja cha fasihi simulizi kutoka nyumbani kwenu.

1. Kwa nini usome somo hili

Ikiwa unasomea Galbet au kwingineko katika kaunti ya Garissa, huenda darasa lenu limewahi kukaa wiki kadhaa bila mwalimu wa Kiingereza. Wakati kama huo mwongozo hugeuka mwalimu. Mnakusanyika jioni, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakariri: mhusika fulani ni mwenye tamaa, mwingine ni mvumilivu, maudhui ni matano. Siku ya mtihani kila mmoja anaandika yaleyale kwa maneno yaleyale.

Mtahini huyatambua majibu hayo mara moja. Karatasi ya Tatu ya Kiingereza ina maswali matatu, kila moja la alama 20. Mawili kati yake yanatokana na vitabu teule, yaani alama 40 kati ya 60. Alama hizo hutolewa kwa hoja iliyothibitishwa kutoka kitabuni. Aliyekariri orodha ya sifa bila kukifungua kitabu huandika sifa, kisha hukosa la kuongeza.

Dawa yake ni kujifunza kazi ya mtafiti. Kwanza tuelewe istilahi tatu. Mwongozo hukueleza kilichomo kitabuni. Uhakiki hutoa hukumu kuhusu kitabu: kimefaulu wapi, kinasema nini, kwa mbinu gani. Utafiti huanza na swali ambalo jibu lake halijulikani au linabishaniwa, ukatafuta ushahidi, kisha ukafikia jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulipima. Kumbuka neno hilo: kupima. Dai lisiloweza kupimwa ni maoni tu.

2. Kisa cha kwanza: Nairobi, 1968

Umewahi kujiuliza kwa nini katika somo la Kiingereza unasoma riwaya za Waafrika, na kwa nini unaulizwa maswali ya ngano na methali? Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1960 Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ilifuata mkondo wa fasihi ya Uingereza. Mwafrika aliyesoma fasihi pale alianza na mambo ya mbali, na ya kwake yakaja mwisho, ikiwa yalikuja.

Mnamo Oktoba 1968 walimu watatu, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o, waliandika waraka wakitaka idara hiyo ivunjwe. Swali lao lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: ikiwa ni lazima kusoma fasihi ya taifa moja ili kujua jinsi utamaduni unavyoendelea, kwa nini fasihi hiyo isiwe ya Afrika? Walipendekeza Afrika iwekwe katikati ya masomo, na fasihi za mataifa mengine zitazamwe kutokea hapo. Fasihi simulizi waliipa nafasi kubwa.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, hawakusema Shakespeare atupwe. Walibishana kuhusu mahali pa kusimama unaposoma. Pili, hawakulalamika tu. Walitoa sababu na wakapendekeza mpango ambao wengine wangeweza kuupinga au kuukubali. Mjadala ukaendelea, idara ikabadilika ikawa ya fasihi, na mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari. Swali la ngano unalolijibu leo lina mizizi katika mabishano hayo.

Funzo: kazi ya kitaaluma ni mazungumzo. Mmoja hudai, mwingine hupinga, ushahidi huamua. Nawe unapoandika insha umeingia katika mazungumzo hayo.

3. Kisa cha pili: siri ya mizani ya Kisomali

Mwaka 1964 wasomi wawili waliofanya kazi London, B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, walichapisha kitabu cha Kiingereza kuhusu ushairi wa Kisomali. Walieleza tungo za aina mbalimbali, zikiwemo gabay, geeraar na buraanbur, ule utungo wa wanawake ambao huenda umeusikia arusini. Walieleza pia kanuni ya sauti: mtunzi huchagua sauti moja, na sauti hiyo lazima isikike mwanzoni mwa neno fulani katika kila mshororo, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho.

Jambo moja lilibaki bila kutatuliwa. Kila msikilizaji alijua kwamba mshororo fulani umekaa sawa na mwingine umechechemea. Lakini kipimo chenyewe ni nini? Washairi walitunga bila kukosea, ila kanuni hiyo haikuwa imewekwa wazi kwa maandishi.

Mwaka 1972 Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini. Katika maandishi hayo irabu ndefu huandikwa mara mbili: caano, maziwa, geel, ngamia. Mwaka 1976 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aliyejulikana zaidi kama Gaarriye, alichapisha makala katika gazeti la Mogadishu akieleza kipimo hicho. Msingi wake ni urefu wa irabu: irabu fupi huhesabiwa moja, irabu ndefu huhesabiwa mbili. Mtafiti mwingine Msomali, Cabdillaahi Diiriye Guuleed, naye alilishughulikia suala hilo katika miaka hiyo. Baadaye wasomi wa ng'ambo waliyaeleza matokeo hayo kwa Kiingereza.

Linganisha na unayoyajua kutoka somo la Kiswahili. Katika shairi la kimapokeo la Kiswahili tunahesabu silabi. Mara nyingi mshororo huwa na mizani 16, yaani nane kwa nane. Kisomali hupima uzito wa irabu. Lugha mbili jirani, vipimo viwili tofauti.

Sasa angalia Kiingereza. Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale lenye mishororo zaidi ya 3000, halikutegemea vina vya mwisho. Nusu mbili za kila mshororo ziliunganishwa na maneno yanayoanza kwa sauti moja. Huko sauti hubadilika kutoka mshororo hadi mshororo, ilhali katika gabay sauti moja hushika hadi tamati. Tena, katika mapokeo yote mawili irabu yoyote huweza kuoanishwa na irabu nyingine. Kwa hiyo swali la Kiingereza linapokutaka utambue kurudiwa kwa sauti mwanzoni mwa maneno katika shairi, mwanafunzi aliyekua akisikia buraanbur haanzi na mikono mitupu. Sikio lake limekwisha kufundwa.

Funzo: aliyelifungua fumbo ni mwenyeji aliyeijua kazi kutoka ndani. Lakini kuijua peke yake hakukutosha. Wengi waliijua. Gaarriye alihesabu, akaonyesha, akaandika ili wengine wapime.

4. Kutoka utafiti hadi aya ya insha

Tutumie mfano wa kitabu ambacho si teule kwenu, ili usije ukakariri jibu. Riwaya ya From a Crooked Rib ya Nuruddin Farah, mwandishi Msomali aliyeandika kwa Kiingereza, ilichapishwa mwaka 1970. Msichana Ebla anatoroka kambi ya wafugaji kwa sababu babu yake anataka kumwoza kwa Giumaleh, mwanamume aliyemzidi umri sana. Anakwenda mjini Belet Wene kwa binamu yake Gheddi. Huko nako Gheddi anamwahidi kwa mwanamume mwingine ili apate fedha. Ebla anatoroka tena, anakwenda Mogadishu na Awill na kuolewa naye. Awill anaposafiri Italia, Ebla anaolewa kwa siri na Tiffo.

Swali: Je, Ebla ni mwanamke aliyejikomboa? Ifuatayo ni mifano miwili ya aya. Katika mtihani utaandika kwa Kiingereza. Hapa tumetumia Kiswahili ili muundo uonekane.

Aya dhaifu: "Ebla ni jasiri na amejikomboa. Yeye ni mwanamke wa kisasa anayepigania haki zake. Wasomi wengi wanakubali kwamba Ebla ni shujaa. Hii inatufundisha kwamba wanawake wapewe haki."

Aya imara: "Ebla anajikomboa kwa kiasi. Anapogundua kwamba ameposwa na Giumaleh bila kuulizwa, anaondoka kambini. Uamuzi huo ni wake mwenyewe. Hata hivyo, hatua hiyo inamfikisha nyumbani kwa Gheddi, ambaye naye anapanga kumwoza kwa manufaa yake. Hivyo mwandishi anaonyesha kwamba kuhama kutoka kambi hadi mji hakubadilishi mamlaka ya wanaume. Kinachobadilika ni mtu anayeyashika."

Tofauti iko wapi? Aya ya kwanza haina tukio hata moja. Maneno "wasomi wengi wanakubali" hayasaidii, kwani jina au wingi wa wasomi si ushahidi. Aya ya pili ina dai, ina tukio lenye wahusika na sababu, kisha inafafanua maana ya tukio hilo. Pia imekubali kwamba kuna upande wa pili. Msomaji anaweza kufungua riwaya akapima. Mwenzako akidai kwamba Ebla amejikomboa kabisa, anaweza kutumia ndoa ya Tiffo kama ushahidi: safari hii Ebla mwenyewe ndiye aliyeamua. Nyote wawili mnaweza kupata alama nzuri.

Kwa hiyo, kila unapomaliza aya jiulize:
(a) Nimedai nini hasa?
(b) Ni tukio gani kitabuni linalothibitisha? Nani alifanya nini, kwa nini?
(c) Nimeeleza tukio hilo linathibitishaje dai langu, au nimesimulia tu?
(d) Je, kuna tukio linalopinga dai langu? Nitalijibuje?

5. Utafiti mdogo wa nyumbani

Swali la fasihi simulizi hukutaka utambue kipera, utaje sifa zake na utoe ushahidi. Zoezi bora ni kukusanya mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua msimulizi. Ayeeyo, yaani nyanya, anaweza kuwa anaijua ngano ya Dhegdheer, yule zimwi wa kike mwenye sikio refu anayekula watu. Ikiwa nyumbani kwenu ni kwa Wapokomo au Wamunyoyaya kandokando ya Mto Tana, au kwa Waboni upande wa Ijara, uliza ngano za kwenu.

Hatua ya pili: omba ruhusa. Mweleze kwamba ni kwa ajili ya masomo. Akikataa kurekodiwa kwa simu, andika. Tungo nyingine za wanawake si za kusomewa darasa zima. Mwulize lipi la kutangaza na lipi la kuacha.

Hatua ya tatu: andika jina la kipera, siku, mahali, lugha, na nani waliokuwa wakisikiliza. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya nne: andika maneno kama yalivyosemwa, kisha uyafasiri kwa Kiingereza. Weka alama pale tafsiri inapokushinda. Labda ni wimbo katikati ya ngano, labda ni mzaha unaotegemea sauti. Pale panaposhindikana ndipo penye sifa muhimu ya kipera hicho.

Hatua ya tano: uliza swali moja tu, dogo. Kwa mfano: wimbo wa Dhegdheer unarudiwa mara ngapi, na kila mara kitu gani kinabadilika katika kisa? Swali dogo lililojibiwa lina thamani kuliko swali kubwa lililoachwa njiani.

6. Tahadhari

(a) Usinakili maneno ya mwongozo huu wala mwingine. Chukua hoja, rudi kitabuni, tafuta ukurasa wake.
(b) Usitaje jina la msomi ikiwa hujui alisema nini.
(c) Usimalize kila aya kwa nasaha. Swali likiuliza kuhusu mhusika, jibu kuhusu mhusika.
(d) Usidharau unachokijua kwa sababu hukukisoma kwa Kiingereza. Kitumie kuelewa, kisha jibu swali lililoulizwa.

7. Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya uhakiki na utafiti. (alama 4)
2. Walimu watatu wa Nairobi walitaka nini mwaka 1968, na walitumia hoja gani? (alama 6)
3. Linganisha kipimo cha mshororo katika shairi la kimapokeo la Kiswahili na kipimo cha ushairi wa Kisomali. (alama 4)
4. Ifuatayo ni kauli ya mtahiniwa: "Mhusika huyu ni mnafiki kwa sababu mwongozo umesema hivyo." Irekebishe kwa kutumia mhusika yeyote kutoka kitabu teule unachosoma. Toa dai, ushahidi na ufafanuzi. (alama 6)

Kidokezo cha swali la 4: funga mwongozo huu kabla ya kuandika. Fungua kitabu teule chenyewe.