Ndege Ajaye Uani: Haki Yake na Mazingatio Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba ndege akamshika hewani pasipo kamba wala nguzo. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Jua kwamba katika mambo mepesi ambayo watu huyapita bila kuyajali ni khabari ya ndege ajaye uani kuokota chembe. Kuna mtu amwagaye punje za uwele killa asubuhi akadhani ni mchezo tu. Kuna mwingine amfukuzaye ndege kwa jiwe. Na kuna wa tatu, naye humwaga punje ili amnase. Watatu hawa hawako sawa, na killa mmoja ana hukumu yake. Mfano wa masala haya umechukuliwa Tabora, katika nchi ya Unyamwezi, kwa kuwa watu wa pwani walifika huko zamani, wakajenga, wakapanda, wakaacha athari zao.

FASILI YA KWANZA: NJIA YA MISAFARA NA MITI YAKE

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mwendo wa kadiri ya kilomita 1,200. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika mwaka 1857, mahali pale pakiitwa Kaze, waliwakuta Waarabu wamekwisha kaa katika nyumba za tembe zenye ua ndani yake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mabega ya wapagazi yakapumzika, lakini miembe haikuondoka. Mwembe si mti wa asili wa Afrika. Ulitoka Bara Hindi ukafika pwani, na kutoka pwani ukaifuata njia ya misafara hata ukaota Kwihara na Ujiji. Leo wengi wa wapandaji hawajulikani kwa majina, na maembe yaliwa na watoto, na ninga, na shore, na popo wa usiku.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) alibainisha ya kuwa Muislamu akipanda mti au akilima mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi aliyepanda kwa nia njema, killa embe lidonolewalo na shore ni faida yake, naye yumo kaburini.

Lakini asighurike mtu. Njia ile ile ilipita pembe za ndovu, na ilipita watu waliofungwa minyororo ya shingo. Kivuli cha mwembe hakifuti dhulma ya mnyororo. Hili limetangulizwa ili ijulikane kwamba wema kwa ndege haulipi deni la haki za wanadamu, wala mtu haitwi mwenye huruma kwa kuwamwagia njiwa mtama, hali mtumishi wake alala na njaa.

FASILI YA PILI: KUTAZAMA KWA MAZINGATIO

Mwenyezi Mungu katika Suratul Mulk amewalaumu wasiowatazama ndege walio juu yao, wakizikunjua mbawa na kuzikunja. Katika Suratun Nur amekhubiri kwamba killa mmoja wao ajua sala yake na tasbihi yake, na katika Suratul An'am kwamba wao ni umma mfano wa wanadamu. Basi kumtazama ndege kwa mazingatio si upuuzi. Ni katika kuzisoma ishara za Muumba.

Na wanavyuoni wa zamani waliwatazama ndege hata wakajenga hukumu juu ya hayo. Aliyeua njiwa katika Haram ya Makka hulipa mbuzi au kondoo. Wakauliza watu: njiwa ni yupi? Imam Shafi'i akaweka alama: njiwa ni yule anywaye maji kwa kufyonza mfululizo, ama anywaye tone tone, kama kuku, huyo si njiwa. Mwenye kutaka kuiona masala hii kwa macho yake na aweke kigae cha maji uani. Atamwona tetere, mwenye utepe mweusi shingoni, akitia mdomo majini akafyonza pasi na kuinua kichwa. Na kando yake atamwona shomoro akichota tone, akiinua kichwa limteremke kooni, kisha akirudia. Hivyo kigae kimoja chafundisha kama ukurasa wa kitabu.

Atamwona pia mnana dume wakati wa mvua, amegeuka manjano, akisuka nyumba yake kwa majani mabichi. Jike huja akaikagua. Akiikataa, dume huibomoa akaanza upya. Nani aliyemfundisha ususi huu asiye na mikono?

Na aangaliaye kwa muda mrefu atajua majira ya shida. Tabora ina masika moja, yapata Novemba hata Aprili. Mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, maji huwa haba, na hapo kigae cha maji ni sadaka kubwa. Lakini watu wengi hawajui kwamba njaa ya ndege wala mbegu huzidi mvua zinapoanza, kwa sababu mbegu za majani zilizokuwa chini huota zote, na mpya hazijakomaa. Konzi moja ya uwele katika siku hizo ni bora kuliko pishi nzima wakati wa mavuno.

FASILI YA TATU: ULIMBO JUU YA KIGAE

Masala. Mtu wa Tabora ameweka maji na mtama uani kwake mwaka mzima, hata tetere na chiriku wakazoea, hawaruki apitapo. Akaja mpwa wake akapaka ulimbo juu ya tawi lililo karibu na kigae, akawanasa, akataka kuwauza sokoni. Je, yajuzu?

Jawabu ni kwa tafsili. Kwanza, kuwinda ndege aliye halali kuliwa asili yake ni mubaha. Pili, ndege wale si mali ya mwenye ua. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba windo likiingia katika milki ya mtu, haliwi lake kwa kuingia tu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi mjomba hawezi kusema, Umeniibia ndege zangu. Lakini ua ni wake, na kuutega pasi na idhini yake haijuzu. Tatu, huenda mnasaji akawaacha wakining'inia ulimboni hata wakafa kwa jua na kiu. Hili ni adhabu, na kumwadhibu kiumbe ni haramu. Mtume (s.a.w.) alieleza khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Masud kwamba masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume akaamrisha makinda yarudishwe.

Nne, lililo halali si lote lipendezalo. Ndege amekuja kwa kuwa ameaminishwa. Aliyemwita kwa chakula mwaka mzima kisha akamgeuzia chakula kuwa mtego, hata fatwa ikimwachilia, murua haumwachilii. Ambaye ataka nyama ya tetere, msitu wa Unyamwezi ni mpana; na aende huko awinde kwa uwazi.

Ama kumweka ndege tunduni ili kusikia sauti yake, aliulizwa al-Qaffal, katika maimamu wa madhehebu ya Shafi'i, akajibu kuwa yajuzu, ikiwa mwenyewe atamtimizia mahitaji yake. Na Abu Umayr, mtoto wa Madina, alikuwa na kidege chake, kikafa, na Mtume akamliwaza. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi'i, alitoa katika hadithi hiyo faida sitini. Lakini sharti la kutimiza ni zito. Kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu, ambao kwao ni Nzega na Igunga na Usukuma, walikamatwa kwa wingi katika miaka ya 1980 wakapelekwa ng'ambo matunduni. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilizuia kuwasafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Na amri yenye maslaha kwa watu yapasa kutiiwa.

FASILI YA NNE: ADABU ZA MWENYE KULISHA

Ya kwanza: atangulize maji, katika kigae kisicho na kina, akioshe na kubadili maji killa siku. Chombo kichafu huambukiza maradhi kwa wote wakinyweao.

Ya pili: atoe punje njema. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya namna hiyo. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu amekataza kukusudia kibaya katika kutoa. Kisichomfaa mwanao usikiite sadaka kwa ndege.

Ya tatu: asitupe nyama wala mabaki ya jikoni. Watu wa pwani wamjua kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, akazaana, akala mayai na makinda ya ndege wa nchi. Aliyemwita kunguru kwa mifupa amewafukuza wengine.

Ya nne: asichanganye chakula chao na cha kuku, kwa khofu ya mdondo.

Ya tano: asiwazoeze karibu na msikiti, wala kisima, wala shamba la jirani. Kinyesi cha ndege ni najisi katika madhehebu ya Shafi'i. Kimesamehewa msikitini kwa uzito wa kujikinga nacho, maadamu mtu hakukanyaga kwa makusudi wala hapana unyevu. Basi haifai mtu kulileta kwa mkono wake lililosamehewa kwa dharura. Na mkulima wa mpunga wa Igunga awafukuzaye kweleakwelea hana dhambi, kwa kuwa kundi lao huweza kumaliza shamba.

KHATIMA

Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Umar kwamba wanadamu wangalimtegemea Mwenyezi Mungu kwa haki ya kumtegemea, angaliwaruzuku kama awaruzukuvyo ndege: hutoka asubuhi wana njaa, wakarudi jioni wameshiba. Na angalia neno hutoka: hawabaki tunduni kungoja. Basi mwenye kuweka konzi ya uwele asidhani yeye ndiye mruzuku. Ndege akija kwake na akiondoka yu salama, amana imetimia. Na maembe ya Kwihara yashuhudia kwamba jambo dogo huweza kumwishia mtendaji umri, nalo lisiishe.

Wallahu aalam.