Kupima Mwendo wa Risasi

Katika Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya wapo wapiga shabaha wanaojitengenezea risasi zao kwa burudani. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la metali, fataki ya kuwashia, baruti, na kichwa kinachorushwa. Abadilipo baruti au kichwa, mtengenezaji hubadili pia tabia ya risasi. Je, atajuaje kuwa badiliko hilo ni jema? Kulenga vizuri mara moja si ushahidi, kwani upepo, mkono wa mpigaji na bahati navyo vimo. Hapana budi kupima.

Mwingereza Benjamin Robins alieleza njia ya kupima mwendo huo katika kitabu chake cha mwaka 1742. Alitundika bamba la chuma lililobandikwa ubao, likaning'inia kama pendulamu. Kichwa cha risasi kilinasa ubaoni, pendulamu ikasukumwa nyuma, na utepe ukaonyesha umbali iliyokwenda.

Tuseme kichwa chenye gramu 10 kimenasa, na pendulamu pamoja nacho ina kilo 8. Ikiwa pendulamu imepanda sentimeta 5.1, ilianza kwenda kwa mwendo wa meta 1 kwa sekunde. Uzito wake ni mara 800 ya ule wa kichwa; kwa hiyo kichwa kilikuwa na mwendo wa meta 800 kwa sekunde. Kwa vipimo vya namna hii Robins aligundua pia kuwa hewa huizuia risasi kuliko wataalamu wengi walivyodhani.

Siku hizi wapiga shabaha hutumia vihisi viwili vya mwanga vilivyotenganishwa kwa umbali unaojulikana. Saa ya elektroniki hupima muda wa risasi kupita toka kimoja hadi kingine. Risasi ya meta 800 kwa sekunde hupita meta moja kwa sekunde 0.00125 tu.

Wastani peke yake hautoshi. Chukua mfano wa risasi za aina mbili, kila aina ikipigwa mara tatu. Ya kwanza yatoa meta 798, 800 na 802 kwa sekunde. Ya pili 780, 800 na 820. Wastani ni ule ule. Lakini kwa shabaha iliyo umbali wa meta 300, hata hewa isipohesabiwa, mvutano wa dunia hutofautisha kimo cha risasi za kwanza kwa sentimeta 0.7 hivi, na za pili kwa sentimeta 7. Aliye makini hutafuta risasi zinazolingana, siyo iliyo ya kasi kuliko zote.

Tena kasi ina hatari yake. Baruti ikizidishwa, kanieneo ndani ya bunduki huweza kupanda upesi kuliko mwendo unavyoongezeka. Ganda laweza kupasuka, na bunduki kuvunjika mbele ya macho ya mpigaji. Kipimo cha mwendo hakionyeshi kanieneo. Hilo hupimwa katika maabara kwa mitutu maalumu yenye vihisi. Ndiyo maana mwenye busara hufuata majedwali yaliyokwisha kupimwa, wala havuki kiwango cha juu kilichoandikwa humo. Mazoea na ujasiri havichukui nafasi ya kipimo.