Bwawa la Samaki: Wangapi Watiwe, na wa Namna Gani

Mtu awekaye ng'ombe ishirini katika malisho ya ng'ombe watano hana haja ya kuambiwa yatakayompata. Majani yataisha, mbavu zitaonekana, na maziwa yatakauka. Lakini mtu huyo huyo akichimba bwawa, mara nyingi hutia vifaranga wa samaki wengi kadiri fedha yake inavyomruhusu, akidhani ya kuwa wingi wao ndio wingi wa mavuno. Samaki hawaonekani mbavu, wala hawalii kwa njaa. Mwenye bwawa hutambua siku ya kuvua tu, baada ya miezi mingi ya kazi, wavu utokapo umejaa visamaki vya urefu wa kidole, visivyofaa sufuria wala soko.

Yapasa kwanza kufahamu jambo moja, maana mengine yote ya somo hili hutokana nalo. Kila bwawa lina kiasi cha uzito wa samaki liwezacho kulisha, na kiasi hicho hakizidi kwa kuzidisha idadi yao. Tufanye hesabu kwa mfano tu: bwawa liwezalo kulisha kilo 60. Samaki wakiwa 300, kila mmoja aweza kufikia gramu 200, naye ni kitoweo cha mtu. Wakiwa 3,000, fungu la kila mmoja ni gramu 20. Kilo ni zile zile 60, ila mara ya kwanza umevuna nyama, na mara ya pili umevuna miiba.

Kwa hiyo pima bwawa lako kabla ya kwenda kununua. Kipimo kitumikacho ni uso wa maji, urefu mara upana, wala si kina, kwa sababu mwanga na hewa huingia kwa juu. Kuchimba chini zaidi hakuongezi nafasi. Mita moja ya kina yatosha. Kwa perege, mwenye kutia mbolea ya ng'ombe peke yake na asitie zaidi ya wawili kwa kila mita ya mraba. Mwenye kuwapa chakula kila siku aweza kutia watatu. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipoanza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa ya wakulima, kila bwawa lilikuwa la mita za mraba 300, na vifaranga wa kutiwa walikuwa 1,000. Hao ni zaidi ya watatu kidogo kwa mita, nao hawawezi kukua vizuri pasipo kulishwa.

Njaa si hatari ya pekee. Mimea midogo mno iyafanyayo maji kuwa ya kijani hutoa hewa mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku nayo huivuta hewa hiyo hiyo pamoja na samaki. Karibu na alfajiri ndipo hewa huwa haba kabisa. Nenda bwawani kabla jua halijatoka: ukiona samaki wamejaa juu ya maji wakipanua vinywa, wasikudanganye kwamba wanakusalimu. Wanakosa pumzi. Acha kutia mbolea na chakula, fungulia maji mapya, kisha uwapunguze. Kuna na kipimo kisichohitaji chombo: tumbukiza mkono hata kiwiko. Ukikiona kiganja chako waziwazi, maji ni maskini, yataka mbolea. Kiganja kikipotea mara tu baada ya kupita chini ya maji, mbolea imezidi.

Basi hata aliyehesabu sawasawa huenda akashindwa, na kisa chake ni perege mwenyewe. Samaki huyu ni mtamu, ni mvumilivu, na katika maji ya joto huanza kuzaa angali mdogo, hata akiwa na miezi mitatu au minne tu. Jike huyaatamia mayai kinywani mwake, na watoto wakitishwa hurudi humo humo kujificha. Ndiyo sababu wengi wao huokoka. Baada ya majuma machache huzaa tena. Ulitia 600, na kabla ya mwaka kwisha wapo maelfu, wote wakigombea chakula kile kile.

Njia ya kwanza ya kuzuia jambo hili ni kufuga madume peke yao, ambao pia hukua upesi kuliko majike. Vituo vya kuzalisha samaki huuza vifaranga wa namna hiyo. Mwenye subira aweza kuwachagua kwa mkono wakiisha kukua kidogo: mgeuze samaki tumbo juu, utazame karibu na mkia, dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Lakini jike mmoja aliyepita bila kutambuliwa atosha kuiharibu kazi.

Njia ya pili ni kumpatia perege mwenzi wa kumpunguzia watoto, naye ni kambare. Kambare mmoja kwa kila perege kumi yatosha. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huleta kambare mkubwa aliyevuliwa mtoni, naye huanza kwa kuwala wale wale vifaranga walionunuliwa kwa fedha. Tia perege kwanza, kisha kambare walio wadogo kuliko hao perege. Kambare hazai kwa urahisi bwawani, basi hesabu yake haitakuponyoka. Lakini usiku wa mvua aweza kutambaa juu ya majani akaenda zake, kwa hiyo zungushia ua mfupi.

Si kila samaki ni mwenzi. Trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare hutaka maji baridi yaendayo mbio, na perege hutaka maji ya uvuguvugu. Bwawa moja haliwezi kuwapendeza wote wawili. Na sangara tusimtaje kwa bwawa la nyumbani. Alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa lile, zilikuwa zimetoweka.

Ukiisha kuvua, kausha bwawa hata matope yapasuke kwa jua. Dimbwi moja dogo likibaki huficha watoto wa perege mamia, nao watawangoja wageni utakaowaleta. Wala usikubali zawadi ya vifaranga kutoka bwawa la jirani lililojaa kupita kiasi. Ni wadogo kwa umbo tu. Kwa umri ni watu wazima waliodumaa, nao wataanza kuzaa mwezi ule ule utakaowatia majini.