SOMO LETU: MZEE AKAE WAPI?

Masomo: 1 Timotheo 5:3-16, Marko 7:9-13, Yohana 19:26-27



Hapa Kampala wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga, Katwe, Nsambya ama Ndejje. Asubuhi wakubwa wanatoka kutembeza vitenge, watoto wanaenda masomo, mzee anabaki peke yake. Katika ziara zetu tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje, nyanya yumo ndani, maji ya kunywa yamekwisha. Watoto wake wanampenda. Waliogopa atapotea, maana hajui Kiluganda. Ndipo wakatuuliza: tumpeleke kwa masista?

Walisema juu ya makao ya Nalukolongo, yaliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutunzwa na Masista wa Msamaria Mwema. Hayati Papa Fransisko aliyatembelea Novemba 2015. Yalianzishwa kwa ajili ya maskini, wagonjwa na walioachwa, bila kuuliza dini.

Sasa tusome Paulo. Katika mstari wa 4, watoto na wajukuu ndio wa kwanza kumtunza mjane. Mstari wa 16 unataka kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wajane wasio na mtu. Basi mzee ambaye vita vilimmalizia jamaa yote, akiingia makao, hiyo si laana wala aibu. Kitanda kile ni chake. Lakini sisi tulio hai, tukimpeleka mama yetu huko, tumechukua kitanda cha nani?

Wala tusijifiche nyuma ya sadaka. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotoa wakfu kwa Mungu mali iliyowapasa wazazi. Hata sisi wachungaji tujichunguze, tusipokee pesa ya dawa ya mama wa mtu.

Lakini kumfungia ndani siyo kumtunza. Posho ya wazee ya serikali ni ya raia, haitufikii. Tunabaki na majirani. Yesu msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuzaliwa naye, na huyo akampokea nyumbani kwake.

Nyanya yetu sasa anashinda kwa jirani fundi cherehani. Ijumaa jirani huyo anakwenda sokoni, na kufuli inarudi mlangoni.

Swali la kujadili katika vikundi vya maombi: Ijumaa nani atakaa naye?