Kuongezea Nguvu Kontrola ya Pikipiki ya Umeme: Yanayompasa Mtoa Huduma za Afya Kuyajua

Pikipiki na baiskeli za umeme zimeanza kuonekana miongoni mwa bodaboda wanaosubiri abiria kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kwa dereva wa Boko mvuto wake ni dhahiri: hakuna petroli ya kununua wala oili ya kubadilisha. Tatizo huja anapoiacha lami. Njia nyingi za ndani zina mchanga na mashimo, na chombo kilichobuniwa kumbeba mtu mmoja kwenye barabara tambarare huchoka kinapopakia abiria wawili na kiroba cha mchele. Hapo ndipo fundi huombwa kukiongezea nguvu.

Kontrola ni kisanduku cha saketi kilicho kati ya betri na mota. Hupima mkondo wa umeme unaopita na kuuzuia usivuke kiwango kilichowekwa na kiwanda. Kipimo hicho hutegemea kipande kifupi cha waya mnene chenye ukinzani mdogo unaojulikana. Fundi akikipaka lehemu, ukinzani hupungua, na kontrola hudanganyika: husoma ampea 20 ilhali zinazopita ni 30. Kwa betri ya volti 48, nguvu hupanda kutoka wati 960 hadi 1,440. Pikipiki hupanda mlima bila kulalamika, na mteja huondoka ameridhika.

Kisichoonekana ni joto. Joto linalozalishwa ndani ya waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka mara moja na nusu, joto huongezeka mara mbili na robo, huku nyaya, viunganishi na transista zikibaki zilezile. Seli za betri nazo hutoa mkondo ambao hazikuundwa kuutoa. Saketi ya ulinzi ya betri ikikata umeme, kama inavyopaswa, wapo mafundi wanaoiruka kwa waya. Huo ndio ufundi wa hatari kuliko wote, kwa kuwa unaondoa mlinzi wa mwisho.

Njia ya pili ni kubadilisha betri ya volti 48 kwa ya volti 60. Mkondo huongeza nguvu ya kuvuta. Volti huongeza kasi. Betri ya seli 16 ikijaa hufikia volti 67.2, na kapasita za kontrola nyingi za volti 48 huandikwa volti 63 tu. Zinaweza kupasuka. Hata zisipopasuka, chombo kilichokuwa na kasi ya kilomita 40 kwa saa hukaribia 50, na umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka kwa zaidi ya nusu. Breki hazikubadilishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila asilimia moja ya ongezeko la wastani wa kasi huongeza hatari ya ajali yenye kifo kwa takriban asilimia nne. Abiria wa nyuma, ambaye mara nyingi hana kofia ngumu, hakuulizwa lolote kuhusu mabadiliko hayo.

Hata hivyo, ajali ya barabarani ni jambo ambalo vituo vya afya vimelizoea. Moto wa betri ya lithiamu haujazoeleka. Mji wa New York, ambako wasambazaji wengi wa vyakula hutumia baiskeli za umeme, ulihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu na vifo 18 katika mwaka 2023 pekee. Mazingira ya vifo vya namna hiyo hayako mbali na ya Dar es Salaam: dereva amepanga chumba kimoja, anahofia wezi, hivyo huingiza betri ndani usiku na kuichaji karibu na mlango, kwa sababu soketi ipo hapo. Betri ikiwaka, moto unakaa kwenye njia pekee ya kutokea.

Seli moja ikipata joto kupita kiasi huanza kujipasha yenyewe, kisha huambukiza ya jirani. Moshi wake hubeba kaboni monoksidi pamoja na haidrojeni floridi, gesi inayochoma njia ya hewa na ngozi. Mgonjwa aliyevuta moshi huo anaweza kufika zahanati akitembea na kuzungumza. Sauti iliyokauka, masizi puani, vinyweleo vya pua vilivyoungua au kikohozi chenye makohozi meusi ni ishara kwamba koo linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache. Mgonjwa huyo hupewa rufaa mapema, kabla ya pumzi kubana.

Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapa. Hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekosa hewa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kuchanganyikiwa yatosha kumpa oksijeni nyingi kwa kinyago chenye mfuko.

Ngozi iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Hatua hiyo ina faida hata ndani ya saa tatu baada ya kuungua. Pete, saa na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, mayai na mafuta ya taa, ambavyo bado hupakwa majumbani, huficha kidonda na kuleta maambukizi. Maumivu yakiwa makali kuliko kidonda kinavyoonekana, floridi ishukiwe. Tiba yake ni jeli ya kalsiamu glukonati, na moyo ufuatiliwe kwa sababu floridi hushusha kalsiamu ya damu.

Mafundi nao hujeruhiwa. Volti 48 huua kwa nadra, lakini pete ya chuma ikiunganisha ncha mbili za betri hupata moto papo hapo na kuunguza kidole hadi mfupani. Jeraha kama hilo huonekana dogo juu, na lisifungwe tu na kurudishwa nyumbani.

Katika kuchukua historia ya mgonjwa, maswali matatu yanastahili kuongezwa: chombo kilikuwa cha umeme? Kontrola au betri ilibadilishwa? Betri iko wapi sasa? Swali la tatu lina uzito kuliko linavyosikika, kwani betri iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hata siku. Ikiwa imebaki chumbani na watoto wamerudi kulala humo, simu ya Zimamoto, namba 114, ipigwe kabla kidonda hakijafungwa.